Michezo Ipo Kwenye Ratiba
Ratiba iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma inasema Jumatano saa nane mchana ni michezo. Saa nane hiyohiyo mwalimu wa hesabu anaingia darasani na chaki zake. Kidato cha nne wakimbie ya nini, na mtihani wa NECTA unawakimbiza bure?

Maktaba nayo imetunzwa mno: vitabu havichakai kwa kusomwa, na ufunguo anao makamu mkuu, aliyeko semina. Mkaguzi akija, mipira hujazwa upepo, vumbi hupanguswa, na wanafunzi huketishwa mbele ya rafu na kuonywa wasiguse kitu.

Kisha mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanafika, shule inatolewa mapema ngazi ya wilaya, na kikao cha walimu kinashangaa: watoto wa siku hizi hawana pumzi!