Gramu za Ugali wa Babu

Programu za simu zinazohesabu chakula zimetungwa kwa ajili ya mtu anayekula peke yake. Mpe babu wa Tanga programu hiyo, kazungukwa na wajukuu kwenye sinia moja la ugali, kisha simu imwulize kala gramu ngapi. Gramu hazijui, anachojua ni kwamba alipogeuka kujibu salamu, mnofu ulihama upande. Simu inataka pia apige picha ile mistari myeusi ya pakiti, na mchicha uliochumwa nyuma ya jiko haukuota na mistari. Mwishowe mjukuu anamjazia kwa kubahatisha, na mzee anapongezwa kwa mlo alioula mtoto.

Simu ina kazi kwenye lishe ya wazee, ila kazi yenyewe ni sauti na pesa. Hesabu iwaachie wengine. Uzeeni hamu hupungua, kiu hujificha, meno huaga, misuli hunywea. Ndiyo maana wataalamu humshauri mzee mwenye figo nzima apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Wa kilo 60 anahitaji 60 hadi 72, na chai ya rangi kwa andazi haimfikishi huko hata akiirudia mara tatu. Mayai, maharage na dagaa vinamfikisha, navyo vinanunuliwa. Kuna kipimo kifupi cha lishe ya wazee, MNA-SF, chenye maswali sita; la kwanza huuliza kama ulaji umepungua miezi mitatu iliyopita. Hilo binti aliyeko Muscat anaweza kuliuliza kwa simu. Mama atajibu kwamba anakula vizuri sana, kama mama wote. Basi apigiwe kwa video saa ya chakula, ingawa mama hodari ataazima sahani ya jirani.

Watasema wazee hawawezi simu. Mtumie mzee pesa pungufu uone kama hajui kusoma meseji. Watasema pesa itaishia kwenye daftari za wajukuu, na hapo wana haki. Dawa ni kumlipa muuza mayai mwenyewe kwa lipa namba, mayai yapelekwe nyumbani. Mwenye kisukari huenda akahitaji kuhesabu wanga kweli, naye ahesabu akiwa na mwongozo wa kliniki. Asihesabu kwa maelekezo ya kundi la WhatsApp la ukoo, ambako ndimu imeshaponya kila ugonjwa isipokuwa ule wa kusambaza ujumbe bila kuusoma.