Jumamosi Iliyoangukia Ijumaa

Mama wa bibi arusi hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alinikalisha juu ya kesi tupu ya bia, mbele ya wageni waliosimama juani, akauliza bila haraka: "Papa fundi, leo siku gani?" Nikajibu Jumamosi. "Na kwenye simu tulibonyeza siku gani?" Jumamosi, mama. "Basi viti viko wapi?"

Viti vilikuwa matangani, ng'ambo ya reli. Kwa huyu mama vilifika Ijumaa. Vijana wa mkokoteni wakakuta mlango umefungwa, wakageuza navyo. Jumamosi vikaenda kwa wafiwa, ambao hawakugusa kalenda yoyote: walipiga simu tu.

Mwenye kukodisha viti hapa Kaniama alikuwa na daftari lenye madoa ya mawese. Mimi nilimletea programu yenye kalenda: unagusa mraba, unageuka buluu, umemaliza. Ndani ya mraba huo mna maajabu ambayo siku hizi ninayasimulia hata kwa wasioniuliza.

Simu haijui Jumamosi. Inajua milisekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa ya Greenwich. Mama akigusa Jumamosi, kalenda inaelewa pale Jumamosi inapoanza, yaani saa sita usiku ya Kaniama. Sisi wa Haut-Lomami tuko saa mbili mbele ya Greenwich. Basi kabla ya kutuma, programu inatoa saa mbili, na Jumamosi yetu changa inarudi hadi saa nne usiku ya Ijumaa. Seva, isiyo na haja na saa, inazikata na kubakiza siku. Ijumaa! Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amepiga hesabu sawasawa, na bibi arusi hana pa kukaa. Hata Kinshasa, walio saa moja tu mbele, hawaponi: wao wanaangukia saa tano usiku, Ijumaa ileile. Lakini New York? Usiku wa manane wao ni alfajiri ya Greenwich, tarehe ileile. Viti vya Wamarekani vinafika. Mtu anaweza kuiandika kalenda hiyo kule, akaijaribu, akaisifu, akazeeka nayo, asiuone ugonjwa wake hata siku moja.

Nilimweleza mama haya yote. Aliniambia ninyamaze.

Risiti za Januari, ambazo ziliandika mwezi wa 0 kwa kuwa lugha ya programu ya JavaScript huhesabu siku kuanzia moja lakini miezi kuanzia sifuri, hazikuumiza mtu. Mzee wa 1958, aliyeambiwa achague tarehe ya kuzaliwa, alirudisha kalenda mwezi kwa mwezi. Tulimkuta yuko 2009.

Kinachonikera hasa ni kingine. Orodha ya saa za dunia inayotumiwa na simu na kompyuta ina jina la Lubumbashi, lakini ukilifuata unakuta nyuma yake iko Maputo. Nyuma ya Kinshasa iko Lagos. Sheria yao ni kwamba miji ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 inawekwa chini ya jina la mji mmoja. Sawa, hesabu haiharibiki. Lakini nchi yetu yenye mikoa 26 na saa mbili tofauti, tena kubwa namna hii, inakosaje hata mstari mmoja ulio wake? Reli yetu inakwenda Kamina, inakwenda Mwene-Ditu. Wa kukata tiketi ya Maputo sijamwona.

Sasa programu inatuma mwaka, mwezi na siku kwa maandishi matupu, bila saa, na viti vinafika. Ila wiki hii amekuja mkulima mmoja, ameikagua kalenda mraba kwa mraba, kisha akanirudishia simu. Mahari imekubaliwa, harusi ipo, na siku yake ni pale mahindi yatakapokwisha kuuzwa.

"Hapo," akauliza, "ninabonyeza wapi?"