Njia Yetu Ina Hazadi

Nani aliwaambia wenye magari kwamba njia ya baiskeli ni sehemu ya kumsubiria mke atoke saluni? Mimi kwenye kikao hicho sikuitwa.

Walipojenga mwendokasi Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuja mjini, na sisi wa baiskeli tulikumbukwa. Tukawekewa njia zetu pembeni. Mabasi yakaanza kubeba watu mwaka 2016. Mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Nikasema ala, dunia nzima imekaa inanijadili mimi! Nikaitoa stoo baiskeli aliyoniachia mzee, nikatia cheni mafuta, nikafunga kengele mpya. Mama watoto akasema utakufa. Nikamwambia njia ipo. Akaniangalia tu, akaendelea kuchambua mchele.

Na kweli njia ipo. Ila juu yake kuna Noah. Nyuma ya Noah kuna Canter inashusha saruji. Mbele kuna vijana wa bodaboda wamelala chali juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Halafu kuna mama anakaanga mihogo. Mama wa mihogo simsemi, ananikopesha. Lakini Noah!

Noah imewasha hazadi. Sijui huko vyuo vya udereva wanafundishwa nini, maana mjini hapa ukishawasha hazadi umejipa kibali. Kwenye zebra, hazadi. Getini kwa watu, hazadi. Njia ya baiskeli ndiyo kabisa. "Dakika moja tu, mzee wangu." Hiyo dakika moja anakula chipsi mayai, na pilipili anaomba aongezewe.

Mimi sasa nifanyeje? Kushoto mtaro. Kulia barabara, na barabarani kuna kipanya kinawania abiria. Ukitoka, konda anachungulia dirishani, anapiga bodi kwa kiganja: "We mzee, pisha watu wapite!" Watu. Mimi sijui alinihesabu kama nini.

Juzi pale Manzese nikalipita gari moja jeupe, hazadi zinawakawaka. Nimepita upande wa dereva, kiustaarabu, hata kengele nimepiga. Mlango ukafunguka. Wote, kwa mpigo. Breki zangu ni za vyuma, za enzi za mzee, ukizikamata leo zinashika kesho. Baiskeli ikabaki mlangoni, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nikatua kwa goti. Bahati kipanya kilikuwa kimesimama kushusha, la sivyo safu hii mngeandikiwa na mtu mwingine. Suruali ikachanika pale ambapo suruali haitakiwi kuchanika, na bukta ya siku hiyo haikuwa ya kuonyesha watu.

Watu wakajaa. Nikajiweka sawa nipokee pole. Wakanipita! Wakaenda kwenye mlango. "Duh, rangi imekwenda." "Na site mira imecheza." Fundi mmoja akawa anapapasa bati kama mganga anayetafuta uvimbe. Mwenye gari akatoka, simu sikioni: "Ngoja kidogo mama, kuna mzee kaniharibia gari." Mlango wake ndio ulionifuata, lakini nimeharibu mimi.

"Hukuona hazadi?"

Niliona.

"Sasa?"

Nikakosa jibu. Akaniuliza leseni. Kimya. Kusema kweli sijui kama baiskeli ina leseni. Ninachokumbuka ni mzee alikuwa akidaiwa kodi ya baiskeli, akiwaona wakaguzi anakata kona anapotelea migombani. Baiskeli ndiyo hiihii. Nikaogopa deni lisije likafufuka. Nikaomba samahani, mkono mmoja nampa bosi, wa pili nimeshikilia suruali kwa nyuma.

Maana hapa mjini mwenye gari ni bosi tu, hata kama gari ni la mkopo na mafuta kaweka ya elfu kumi. Mwenye baiskeli ni mtu ambaye mambo hayajamkalia vizuri. Nani atalionea huruma goti lake?

Sasa naomba. Wakubwa, wekeni nguzo za zege, Noah haiogopi mstari wa rangi. Wale wanaofunga magari minyororo kule Posta waje na huku, minyororo si mizito. Na wewe uliyepaki hapo huku unanisoma, Uholanzi wana ujanja mmoja: mlango hufunguliwa kwa mkono wa mbali. Hapa kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo tumia mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe, utachungulia nyuma, utaniona naja na breki zangu. Mkono wa kushoto, bosi. Na ukimaliza chipsi, ondoa gari.