Tarumbeta Jipya au la Mtumba? Mwongozo kwa Wapemba Wenye Pumzi

Karafuu zimeshauzwa, deni la duka limelipwa, na kikundi chenu kimekubaliana kwamba mwaka huu linanunuliwa tarumbeta. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Vijana wanataka jipya, linalong'aa hata kwenye picha ya simu. Wazee wanataka la Kiingereza la zamani. Fuateni mwongozo huu, mfike dukani mkiwa bado mnasemeshana.

Kwanza, jueni mnalinunulia nini. Kama ni kumsindikiza bwana harusi kwa mtindo wa beni, ngoma iliyoanza Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za askari, mnahitaji chombo kinachorusha sauti mbele. Akitokea mtu wa kuwauzia honi ya Kifaransa, isifuni kwa dhati, maana ni nzuri mno, kisha mrudishieni. Ina bomba la karibu mita 4 lililozungushwa, valvu zake hubonyezwa kwa mkono wa kushoto, na mdomo wake unatazama nyuma. Mkipita nayo Chake Chake, watakaofaidi ni wale ambao harusi imeshawapita.

Sasa la mtumba. Muuzaji atawasimulia historia yake. Msikilizeni, lakini mkono uende kwenye valvu. Vuteni kidogo bomba dogo la valvu moja bila kuibonyeza valvu yenyewe, subirini kidogo, kisha bonyezeni. Ikilia "po!", valvu inabana hewa. Ikinyamaza, pumzi zenu zitakuwa zinavuja humo kila harusi, na mpigaji atamaliza maandamano akiwa hoi.

Kisha litazameni juani bomba linalofuata kipulizio. Shaba hii imechanganywa na zinki, na mate na unyevu huila zinki taratibu kwa ndani. Mkiona madoa ya waridi yenye kitone cheusi katikati, bomba linaoza, na halitaponywa na polishi yoyote. Wala msimpelekee fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari namna gani: moto wake ni mkali mno kwa viungo vilivyoungwa kwa risasi na bati.

Jaribio la tatu ndilo watu hulisahau, nami nalisisitiza kuliko yote. Mwaka 1939 mkutano wa London ulikubaliana kwamba sauti ya A iwe hertzi 440. Bendi za shaba za Uingereza ziliendelea kupiga juu zaidi, karibu hertzi 452, hadi miaka ya 1960. Kwa hiyo tarumbeta la zama hizo linaweza kuwa zima kila mahali, na bado likapishana na kinanda cha taarabu kwa karibu robo toni. Mkivuta sana bomba kubwa ili kulishusha, sauti nyingine nazo zinapotoka. Pakueni kwenye simu programu ya kupimia sauti, mpigaji alipashe moto tarumbeta kwanza, kisha mpime. Hapa hakuna kuoneana haya.

Likifaulu yote matatu, lichukueni hilo la zamani, hata kama limebonyea ubavuni. Jipya la bei ya chini kabisa mara nyingi lina shaba nyembamba na valvu zinazokwaruza, na mng'ao wake hauwezi kuzificha masikioni. Likishindwa hata moja, msilihurumie: nunueni jipya, la bei ya kati kama karafuu zinaruhusu, na vijana washinde safari hii.

Papo hapo dukani nunueni na mafuta ya valvu. Ya nazi yaacheni jikoni, kwenye valvu yananata. Kila mkimaliza kupiga, mwageni mate, mfute jasho na chumvi ya bahari kwa kitambaa kikavu. Na kwenye meli ya kurudi Mkoani mmoja wenu alipakate njia nzima, lisije likalaliwa na magunia ya mchele.