Hasira za Mkizi, Furaha ya Muuza Chipsi

Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi akikasirika huruka majini, akajitupa mwenyewe chomboni, mvuvi hana kazi ila kumwokota. Mimi siruki. Mimi nashuka daladala.

Nashuka saa moja na nusu usiku, nimesimama tangu Posta, kwapa la abiria mwenzangu liko usawa wa pua yangu, na kichwani bado nabishana na bosi. Mchana ofisini huwa namjibu "sawa mkuu". Majibu yenyewe ya maana hunijia tukifika Magomeni, yamepangika vizuri kabisa, na hakuna wa kumpa.

Nyumbani kuna wali na maharage ya nazi, na ninayapenda. Lakini miguu hainiombi ushauri. Inakata kona yenyewe hadi kwenye kile kibanda chenye kabati la kioo, ambako viazi vinaogelea katika mafuta yaliyoona mengi. "Zege la chipsi, mayai mawili, pilipili usiionee huruma." Nalila nikiwa nimesimama, kijiti mkononi, namchoma bosi kiazi kwa kiazi. Kisha nafika nyumbani nakula na wali, maana kukataa chakula cha mke wangu ni kesi nyingine na wakili sina.

Suruali ndiyo iliyonisemea. Fundi cherehani ameshanitanulia kiuno mara mbili. Mara ya tatu aliigeuza, akaikagua, akaniambia kwa upole, "Mzee, kitambaa kimeisha."

Jumapili akaja mpwa wangu, anasoma udaktari mwaka wa tatu, ule mwaka ambao mtu hajajua kutibu lakini kutisha anajua. "Shikamoo mjomba," kisha macho yakashuka tumboni na kubaki huko. Nikamweleza kuwa kazi ni ngumu, nasikia njaa.

"Hiyo si njaa, mjomba. Ni hasira."

Akanifundisha. Juu ya kila figo kuna tezi, imekaa kama baraghashia. Ukiwa na msongo wa siku nyingi, ubongo huziagiza tezi hizo zimwage homoni iitwayo kotisoli. Wengi wetu kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu, hamu ya kula hupanda, na si hamu ya mchicha: ubongo unataka mafuta na sukari.

Nikadhani nimembana. "Mbona Alhamisi mwenye nyumba alipokuja kudai kodi ya miezi sita kwa mpigo, pilau lilikuwa mezani na halikupita kooni?"

"Huo ulikuwa mshtuko, mjomba. Adrenalini. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, tumbo linaambiwa lisubiri."

Kwa hiyo mwenye nyumba ananikondesha na bosi ananinenepesha. Nikikaa nao wote wawili kwa uwiano mzuri, kiuno kitabaki palepale. Mpwa hakucheka.

Akaendelea kunieleza kuwa mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waliwachukua watu 12 wenye afya njema, wakawapitishia mpira hadi tumboni, wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Wakawawekea muziki wa majonzi na picha za nyuso za huzuni. Mara nyingine ule mpira ulipitisha mafuta, mara nyingine maji ya chumvi, wenyewe hawajui kipi ni kipi. Walipopata mafuta huzuni ilipungua, na picha za ubongo zikaonyesha hivyohivyo. Hawakuonja, hawakunusa, hawakuona hata sahani. Tumbo lilipeleka habari kichwani bila kupitia mdomoni.

Mimi hapo nilisikitika. Yaani kuna watu duniani wanahuzunishwa kwa utaratibu, kisha wanapewa mafuta bure! Mimi huzuni naifuata kwa nauli yangu, na mafuta nayalipia shilingi elfu tatu, kachumbari pembeni.

"Basi zege ni dawa," nikasema, nikimtazama mke wangu kwa ushindi.

"Subiri, mjomba." Wasomi hawawezi kukuacha ukafurahi. Mwaka 2014 watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwaonyesha watu filamu za kuwanyong'onyesha. Kisha wakapewa chakula chao kile cha kujiliwaza, au chakula kingine, au hawakupewa kitu. Baada ya dakika chache wote walikuwa wamechangamka, na chakula cha kuliwaza hakikuwachangamsha zaidi. "Hasira ingeondoka yenyewe, mjomba. Sifa zinaenda kwa chipsi."

Jambo hilo liliniuma kuliko lile la kiuno. Ofisini ripoti naandika mimi, sifa anapewa mwingine. Kumbe hata ndani ya mwili wangu mambo ni yaleyale.

Jumatatu nikaazimia. Nikashuka daladala, nikasimama kando ya kituo ili hasira ipite kama ya wale Wamarekani. Dakika ya tatu ikaanza kupoa kweli, hata ile hotuba ya Magomeni nikasahau mstari wa kwanza. Nikapita mbele ya kibanda kwa heshima zote, nisalimie tu.

"Karibu mzee, tayari hii."

Zege limefungwa, linatoa moshi. Nikamwambia sijaagiza.

"Nakuangaliaga unavyoshuka," kijana akasema, anafuta mikono. "Ukishuka taratibu, yai moja. Ukibishana na konda, mawili. Leo umesimama pale peke yako unaongea, nikajua leo matatu."

Leuven walihitaji mashine. Huyu ana mwiko. Nikalipa, ningefanyaje, na mayai yameshavunjwa.

Nilipokuwa nachoma kiazi cha kwanza akasogea, akashusha sauti. "Mzee, samahani, yule bosi wako hana mpango wa kuhamishwa? Nauliza tu. Nataka kuchukua mkopo wa jiko la pili."