Intaneti Yetu

Jana jioni mtoto wa jirani, yuko darasa la sita, aligonga geti letu hapa Kashai, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, mzee. Mbona leo intaneti yetu nzito?"

Niliitika marahaba kabla sikio halijafika kwenye lile "yetu".

Sebuleni walikuwepo mashemeji zangu wawili. Wiki nzima nilikuwa nawasimulia jinsi kampuni fulani ya simu inavyoniibia bando. Nimepanda boda mara tatu kwenda dukani kwao mjini, nimepanga foleni, nimepandisha sauti mpaka mlinzi akasogea.

Chanzo cha yote ni usalama. Rauta ilipofika niliifungia kwenye kabati la chuma, kufuli mbili, maana usalama ninaoujua mimi ni kufuli. Waifai ikawa inapatikana vizuri kwa yeyote atakayekubali kulala kabatini. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza jambo linaloninyima usingizi hadi leo. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na ushee, na lina maadui wawili. Likikutana na chuma linarudishwa lilikotoka kama mpira ukutani. Likikutana na maji linanywewa. Maji! Mtu mwenyewe ni gunia la maji, mkungu wa ndizi vilevile, na mgomba ni pipa lililoota majani. Tuligeuka sote wawili kutazama kibanja nyuma ya nyumba. Babu zetu Wahaya walishatuzungushia ukuta wa kuzuia waifai zamani sana, kabla hata kiwango chake cha kwanza hakijaandikwa mwaka 1997. Na wimbi la gigahezi 5, akasema, lina mbio zaidi ila likiona ukuta wa tofali linachoka mapema.

Akaagiza niiweke katikati ya nyumba, juu. Katikati ya nyumba yangu ni stoo, na stoo imejaa mikungu. Nikaiweka dirishani, upande usio na migomba, yaani upande wa jirani. Kioo hakijui kuzuia kitu. Chini ya mparachichi wake mtandao ukawa na nguvu kuliko kitandani kwangu.

"Pasiwedi mliipata wapi?" nikamuuliza mtoto.

"Si imeandikwa, mzee."

Nikatoka nje kutazama. Nilikuwa nimeisimamisha rauta, tumbo limeegemea nondo za dirisha, na stika yake inaitazama barabara: jina la mtandao, neno la siri, kila kitu. Shemeji mmoja alijifanya anakohoa.

Usiku nikafungua mipangilio. Vifaa 14. Kimoja kilijiita "Fundi".

Nimebadili neno la siri, na lile la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo lilikuwa bado "admin". Nimezima pia WPS, ile njia ya mkato ya kujiunga na mtandao kwa tarakimu 8: tangu 2011 inajulikana kwamba rauta huzikagua nusu kwa nusu, hivyo mwizi hahitaji kujaribu mara milioni 100, mara 11,000 zinamtosha. Ni kufuli linalomnong'oneza mwizi kuwa nusu ameshapatia, aendelee.

Lakini kampuni sijaisamehe. Bando nililolilipia kwa hela yangu linakufa saa sita usiku hata kama sijaligusa. Mkungu nikiununua sokoni hauozi kwa tarehe aliyoipanga muuzaji. Watoto wa jirani wamenilia nilichonunua, sawa. Wale wengine wananilia hata nisichotumia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniamkia.

Mama yangu kule Muleba naye nilimpelekea rauta. Ameitandikia kitambaa cha kufuma, na juu yake ameweka jagi la maji.