Nikumbushe Kesho

Kwa miezi mitatu laptopu yangu iliniomba jambo moja tu, tena kwa adabu: ifanyiwe apdeti. Kila jioni kisanduku kilichomoza kwenye kona ya kioo, na kila jioni nikabonyeza "Nikumbushe kesho". Kesho yake ikakumbusha. Haina kinyongo. Binadamu ukimwambia "njoo kesho" mara tisini, ya tisini na moja anakuja na mjumbe wa mtaa.

Alhamisi moja nikaamua kuwa muungwana. Saa mbili usiku, chakula kimeshaliwa, nikabonyeza "Sawa". Kioo kikageuka buluu, vidoa vikaanza kuzunguka, yakatokea maneno: usizime kompyuta yako.

Hapa sina budi kueleza hali ya mgonjwa. Wataalamu wa lugha wanaiita kompyuta mpakato, na yangu ni ya kupakatwa kweli, maana betri ilikufa zamani. Inaishi kwa waya. Waya ukichomoka kidogo tu, inazimika kama kibatari kilichopulizwa. Tena mita ya LUKU ukutani ilikuwa ikilia tangu magharibi, ti, ti, ti, kutangaza kwamba uniti zinakwisha. Niliisikia. Lakini mlio ule tumeuzoea kama watu wa pwani walivyozoea mawimbi. Nikasema nitanunua taarifa ya habari ikiisha.

Asilimia 35, giza.

Nikawalaani watu wa umeme, wao na wazee wao, kisha nikachungulia dirishani. Kwa jirani taa zinawaka. Kwa jirani wa pili wanatazama mpira, tena wanashangilia. Nikazirudisha laana zangu kimyakimya, nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu 20 za tokeni kwa mwanga wa tochi. Nilikosea mara mbili tu, ambayo kwangu ni rekodi.

Umeme ukarudi. Laptopu haikurudi. Nembo, vidoa, ikazima. Ikawaka: nembo, vidoa, ikazima. Apdeti ni sawa na kubadili nguo: mafaili ya zamani yanavuliwa, mapya yanavalishwa. Ukiikatisha katikati, mashine inabaki kama mtu ambaye kanzu ya zamani imemkwama kichwani na mpya ameingiza mkono mmoja. Haoni mbele, hawezi kurudi nyuma, basi anazunguka chumbani akigonga kabati.

Ningelala zangu usingizi, ila mimi ndiye mhasibu wa kamati ya harusi. Mle ndani mna orodha ya wachangiaji 64: nani kaahidi, nani kalipa, nani anasema "nilishatuma, angalia vizuri". Kikao Jumapili, saa kumi jioni. Ijumaa asubuhi mwenyekiti akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Mhasibu, tupatie mchanganuo." Nikajibu kwamba laptopu imegoma. Kundi likanyamaza. Mjumbe mmoja akaweka kikatuni cha mtu anayejikuna kidevu. Mwingine akauliza: "Sistimu iko chini?"

Lilinichoma lile swali, kwa sababu mimi ni mtu wa dirishani, katika ofisi ambayo sitaitaja. Maneno hayo nimewaambia wengi, wengine wametoka mbali na nauli ya kuazima, nami hata macho sikuwainulia. Siku hiyo ndipo nilipojua yanavyosikika ukiwa upande wa pili wa kioo.

Mchana nikaipeleka kwa fundi. Hakuiwasha. Aliipima uzito mkononi kama muuza nyama, akatoa hukumu: "Hii tunapiga windo, bosi." Kupiga windo ndiyo panadoli ya mafundi wa mtaani. Kompyuta nzito? Piga windo. Haitoi sauti? Piga windo. Naamini ukimpelekea pasi iliyoungua, atauliza kwanza tundu la flashi liko wapi.

"Na mafaili yangu?"

"Mafaili yanaondoka. Lakini itakuwa nyepesi, mwenyewe utafurahi."

Hata mfuko uliotoboka huwa mwepesi. Nikaikwapua laptopu yangu, nikarudi nayo nyumbani nimeikumbatia.

Jumamosi akaja mpwa wangu anayesoma chuo, na flashi ya GB 8. "Shikamoo, mjomba. Kuanzia sasa usiguse kitu." Akaiwasha huku anaidonoa F12 kama kuku anayedonoa mtama, akaingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, akabadili hiki, akazima kile, akaiamuru iwakie kwenye flashi. Basi ile mashine, ambayo kwa siku mbili haikujua hata jina lake, ghafla ikapata akili za kipolisi. Ikaona njia ya kuwakia imechezewa, ikashuku wezi, ikaifunga diski. Ikataka ufunguo wa kurejeshea: tarakimu 48.

Nimezoea LUKU, tarakimu 20. Hizi zilikuwa tokeni mbili na chenji yake.

"Mjomba, uliuweka wapi?"

Niliuweka mahali salama. Siku nilipoifunga diski nilikwenda steshenari nikauchapisha, kisha karatasi nikaipiga picha kwa simu. Simu ikajaa, picha zote nikazihamishia kwenye laptopu. Kwa maneno mengine, ufunguo wa sanduku ulikuwa umetulia ndani ya sanduku. Nakala nyingine ilikuwa kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, lakini ili kuingia humo wanatuma namba kwenye laini niliyoitupa mwaka juzi. Ikabaki karatasi yenyewe.

Tukapindua nyumba. Droo ya kwanza ilitoa dhamana ya friji tuliyokwisha kuiuza. Ya pili, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Ya tatu, funguo saba zisizo na milango.

Mama watoto alikuwa anachambua mchele, anatutazama tu. Ungo ulipokwisha ndipo akauliza: "Kwani mnatafuta nini?"

"Karatasi moja hivi, ina namba nyingi."

"Zimepangwa sita sita?"

Akanyanyuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akainua sinia la wageni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja, ufunguo wangu. Upande wa pili, orodha yake ya mchezo: wanawake 12, zamu, tarehe, kiasi. Mwanamke wa mchezo haachi karatasi nyeupe ipotee bure.

Akawa anasoma, mpwa anabonyeza. Makundi manane ya tarakimu sita sita. La tano likakataliwa. Tulipoimulika karatasi tukakuta tone la mafuta limekaa juu ya tarakimu moja: 264, kisha kitu ambacho ni 3 au ni 8, kisha 19. Mpwa akaeleza kwamba kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubakisha kitu, ndiyo maana mashine inajua umekosea. Akaanza kutafuta kikokotoo kwenye simu.

"Ni 3," alisema mama watoto. "Inakuja 24,029 kamili. Ukiweka 8 inabaki tano."

Mpwa alikuwa bado anafungua kikokotoo.

Diski ikafunguka. Mpwa akaiondoa ile apdeti iliyokwama, vidoa vikazunguka karibu saa nzima, mkono wangu ukiwa juu ya plagi kama mlinzi wa benki. Kisha ikatokea picha ya watoto, na pembeni yake orodha, watu wote 64, hata wale wa "nilishatuma". Nikainakili kwenye flashi, nikaituma kwa mpwa, nikakimbia steshenari kuichapisha.

Niliporudi nikaikunja ile karatasi ya ufunguo niiweke mahali salama.

"Irudishe chini ya sinia," akasema mama watoto. "Halafu umesoma upande wako tu. Soma na wangu."

Nikageuza. Majina 12, yote yana tiki. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na jina la kumi na tatu, la mtu asiyecheza mchezo:

"Baba watoto, 85,000. Kaazima Idi. Anasema nimkumbushe kesho."